Skrubu Mbili za Kikopo cha Breki

Skrubu ya pili ilikataa kutoka, na kichwa chake kilikuwa kimekwisha. Ya kwanza ilitoka bila maneno. Hii fundi aliiharibu mwenyewe: alishika bisibisi ya nyota iliyolika ncha, akazungusha kabla ya kukandamiza, na ile nyota ikageuka shimo la mviringo, laini kama kitovu.

Pikipiki ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji alitaka usukani mrefu, ule unaoendesha umeinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Usukani mrefu unadai mpira mrefu wa breki ya mbele, na mpira mpya haujazwi mafuta mpaka ufungue mfuniko wa kikopo kilicho juu, karibu na mkono wa breki. Mfuniko wenyewe umeshikwa na skrubu mbili, basi.

"Nilijua," alisema shemeji, amekalia tairi kuukuu. "Dada yangu kaolewa na fundi wa baiskeli."

"Ungekuwa na akili ungenunua punda. Punda hana skrubu."

"Punda angekufia mikononi."

Ndivyo walivyoishi hao wawili, utani asubuhi na jioni. Mwezi uliopita fundi alimpigia simu akaapa kwamba nyumba yake inaungua. Shemeji, aliyekuwa anaoga kwa mama yake, alitoka mbio na taulo kiunoni, akavuka mtaa mzima, akakuta mkewe mwenyewe anaanika nguo.

Fundi aligonga skrubu kwa nyundo ili ishtuke. Haikushtuka. Akaweka kipande cha mpira wa tyubu chini ya ncha ya bisibisi, kikasagika. Plaizi ikateleza, ikamchuna kidole.

"Harakisha basi, dada anatoka kazini saa hizi. Nimemwahidi kumchukua na usukani mpya."

Fundi akachukua drili. Ilitafuna kichwa cha skrubu vizuri, kisha ikahama, ikazama kwenye mfuniko na kutokea upande wa pili. Alipofunua, chenga za bati zilikuwa zinameta chini ndani ya kikopo kama magamba ya dagaa.

Alijua la kufanya. Kikopo kishushwe chote, kioshwe, kipulizwe kwa upepo. Chini yake kuna kitundu chembamba kama ncha ya sindano, ambako mafuta hurudi ukiachia breki. Kikizibwa, mafuta hayarudi. Yakipata moto yanatanuka, na breki inakamata yenyewe, polepole, mpaka tairi linasimama.

"Nimalizie kesho?" angeweza kuuliza. Lakini shemeji alikuwa ameanza kumkebehi kwa mluzi wa wimbo wa msibani. Fundi akafuta kikopo kwa kitambaa, akajaza mafuta, akapampu mpaka mkono ukawa mgumu, akafunga mfuniko aliouvua kwenye pikipiki mbovu.

"Tayari," alisema.

Shemeji akaondoka, mikono juu, akipiga honi bila sababu.

Fundi akabaki anapanga vyombo. Akaokota mfuniko ulioharibika, akautazama ule mwanya. Punje ya harage ingepita humo. Akakunjua kitambaa juani: chenga zilizokuwemo hazikujaza hata ukucha. Basi bati lililobaki liko wapi?

Mama watoto atakuwa amekaa nyuma, na barabara ya kutoka kiwandani kwake ni mteremko mtupu mpaka darajani.

Simu ya mkewe iliita mpaka ikachoka. Akampigia shemeji.

"Shemeji, usiwashe pikipiki. Breki ya mbele itakamata."

Kicheko. "Na nyumba yangu inaungua tena?"

"Sikutanii. Kuna chenga kwenye mafuta. Mwambie dada yako ashuke."

"Apa."

"Naapa."

"Hata siku ile uliapa. Ameshapanda, kapakata kikapu. Tuonane huko chini, fundi baiskeli."

Ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa.

Alikimbia. Hakufunga karakana. Ndala moja ilibaki kwenye mtaro, kokoto zikamchoma. Kila honi iliyolia huko juu ilimpasua. Aliwaza fuvu la mkewe na lami, akajikataza, akawaza tena.

Akawaona kwenye kona ya juu. Pikipiki ilikuwa inashuka kwa kasi, kikapu katikati. Fundi akasimama katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili. Shemeji naye, kwa dhihaka, akainua wake mmoja, akampungia.

Mkewe hakucheka. Alichungulia juu ya bega la kaka yake, akamwona mume wake yu mguu mtupu, uso umemwisha damu. Katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuuona uso ule. Akampiga kaka yake mgongoni kwa ngumi.

"Punguza. Kaka, punguza, yule hatanii."

Shemeji akakanyaga breki ya nyuma. Kasi ilikuwa imeshuka kwa nusu, ndipo tairi la mbele likagoma. Halikulia. Lilisimama tu, na vingine vyote vikaendelea.

Fundi alifika akitambaa zaidi kuliko kukimbia. Diski ilikuwa inafuka moshi. Mkewe alikuwa amekaa kando ya barabara, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilijua."

"Kabla hajaondoka?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mkewe akageukia upande mwingine.

Basi ilichogharimu ni hiki. Skrubu moja, ambayo dukani ni bei ya kikombe cha chai. Mfuniko mmoja. Usukani mrefu, uliopinda. Meno mawili ya mbele ya shemeji. Kifundo cha mkono wa kushoto wa mama watoto, ambacho hakijarudi kukamua nguo sawasawa. Na utani. Shemeji bado hupita karakana, hushuka, husema, "Habari za kazi, fundi," akajibiwa, "Nzuri, karibu," kisha huondoka.