Dola Ishirini kwa Kadi

Kampuni za kadi zilipoyapa maduka ya bunduki namba yao maalumu, wateja wangu hapa mashariki mwa Colorado walirudia noti. Sikuwalaumu. Namba hiyo huijulisha benki kwamba mtu amelipa katika duka la silaha. Haisemi kama amenunua bunduki, soksi au chambo cha samaki. Orrin Tollefson, mkulima wa ngano, ndiye aliyeichukia kuliko wote. Kwa miaka miwili alinilipa kwa noti zinazonuka dizeli.

Kwa hiyo mkewe, Verna, alipoingia Jumanne asubuhi bila koti, theluji ikimyeyukia mabegani, nilijua kilichomleta. Aliweka simu juu ya kaunta. Benki ilikuwa imemwandikia jioni iliyotangulia, naye ameuona ujumbe asubuhi hiyo: silaha, dola ishirini.

"Dell, amenunua nini?"

"Shemeji, unajua sisemi mambo ya wateja."

"Usiniletee sheria zako! Tangu tumzike Carl wetu, hali chakula, halali usingizi, anashinda ghalani akitazama trekta ya mwanawe. Niambie hajanunua risasi. Neno moja tu."

Orrin hakuwa ameniomba siri. Dukani kwangu siri haiombwi. Nimehubiri kwa miaka thelathini kwamba anacholipia mtu ni siri yake peke yake. Siku hiyo imani yangu ilidumu kwa muda wa kutafuta funguo.

Nilimpeleka stoo, nikafungua kabati la chuma. Bunduki saba, kila moja na kikaratasi chenye mwandiko wa Orrin.

"Hajanunua. Ameleta."

Huku kwetu mtu aliyeelemewa na huzuni hadi akajihofia mwenyewe huweza kumpa muuzaji bunduki zake azifungie mpaka apate nafuu. Haulizwi sababu. Dola ishirini ni ada ya mwezi.

Verna aliigusa ile iliyokuwa ya Carl, akakaa juu ya kreti.

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba alikuja kwenu siku tatu kukuposa, na mbili za kwanza alizungumzia mvua."

"Hiyo mvua alizungumza na baba," alisema, akifuta macho. "Mimi hata salamu sikupata."

Basi nilimweleza jambo lililokuwa likinisumbua. Jana yake jioni, alipozileta, Orrin alikuwa na noti. Pochi ilikuwa wazi, nikaziona. Nilimtania kwamba benki itamjua. Alisema tu, "Pitisha kadi, Dell."

Verna aliinua uso taratibu.

"Anajua simu yangu hulia kadi ikipita. Akaunti yetu ni moja, na yake hulia vilevile. Kila siku anaitukana."

Alirudi dukani, akachukua pakiti ya ndoano.

"Ndoano, shemeji? Ziwa limeganda."

"Pitisha kadi, Dell."

Nikapitisha. Simu yake ikatoa mlio mfupi: silaha, dola tatu. Tukasimama, watu wazima wawili tukiitazama simu kama chungu kinachoiva jikoni. Msimamo wangu kuhusu namba ile, niseme wazi, haujabadilika.

Simu ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Ndiyo, niko kwa Dell," alisema Verna. "Nimeziona. Zote saba." Akasikiliza kwa muda. "Hapana, baba Carl, usije, barabara inateleza. Nakuja mimi. Bandika kahawa."

Alitoka mbio. Ndoano alizisahau kwenye kaunta; nimemwekea.