Kadi ya Tela na Mkono wa Kudra

Mambo yaliniharibikia Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, saa nne asubuhi, mbele ya meza ya karani wa leseni, Lindi. Kabla ya hapo nilikuwa mgane tu kama wagane wengine.

Tela lilikuwa langu. Miaka miwili nyuma nilivunjika mguu, nikawa wa kitandani, na mke wangu Kudra akaliuza kwa niaba yangu kwa Likwata wa Kiswere. Walisoma Fatiha uani mbele ya mashahidi wawili. Kudra akaandika hati kwa herufi za Kiarabu, maana mkono wake ulikuwa mzuri. Mimi chuo cha Kurani nilitoroka mapema, za kizungu ndizo nazijua kidogo. Nikatia sahihi chini ya maneno nisiyoweza kuyasoma, Likwata akaondoka na hati na tela. Kadi ya serikali ya tela ikabaki sandukuni kwangu, yenye jina langu. Nani angeikumbuka? Fatiha ilishasomwa.

Kudra akafa. Likwata akanawiri. Kila tela likipita kwetu Mchinga nyuma ya lori lake, limepakwa kijani, limejaa mbata, nilikuwa naingia ndani nisilione.

Mwaka huu wakubwa wa leseni wakamnyima leseni ya tela mpaka jina kwenye kadi libadilishwe. Akaja kunichukua.

"Shikamoo, kaka Maftaha. Wanataka muuzaji mwenyewe."

"Marahaba. Kumbe bado nina kazi."

Karani, Klementi, kijana wa viatu vya kung'aa, aliigeuza hati juu chini.

"Hii nini, mzee? Hirizi?"

"Hati ya mauzo," nikamjibu. "Na Fatiha ilisomwa."

"Serikali haisomi Fatiha. Nitajuaje kama uliuza au uliazimisha?"

Akamwita Abilahi, mwandishi wa kadhi, aisome kwa sauti, yeye anakili. Abilahi akavaa miwani. "Tela moja, magurudumu mawili, limeuzwa kwa Likwata kwa ruhusa ya mume wangu." Halafu akapunguza sauti: "Nusu ya bei nimemsamehe, kwa jambo tunalolijua mimi na yeye."

Kalamu ya Klementi ikasimama. "Hilo la mwisho halimo kwenye fomu," akasema. "Weka sahihi hapa, mzee."

Mimi Kudra alikuwa ameniambia bei haikupanda zaidi ya ile aliyoniletea.

Nikamgeukia Likwata. "Jambo gani?"

"Kaka, weka sahihi kwanza. Mbata zangu zinaoza bandarini."

"Jambo gani?"

"Marehemu aliniapisha nisiseme." Akatazama chini, na macho yake yakalowa. Laiti angecheka. Kwa nini amlilie mke wangu?

Nikachukua kadi yangu mezani, nikatoka.

Wakubwa ndio walionifanyia haya. Wangeridhika na mashahidi, ningezeeka na Kudra wangu mzima moyoni. Lakini wao lazima karatasi isomwe, tena mbele za watu, kisha wanakwambia halimo kwenye fomu.

Sasa tela limefungiwa Kiswere kwa kukosa leseni, rangi inabanduka. Kadi naiweka chini ya mto, upande aliokuwa akilala Kudra. Kila Ijumaa baada ya sala Likwata anakuja na fomu, ananiamkia, anaiweka mkekani. Nami kalamu ninayo, tayari mkononi. Naye anakunja fomu anarudi zake kila ninapomuuliza lile lile moja: Kudra alikusamehe kwa jambo gani?