Kwao kwa Mama Ngalula

Kampuni ilipotaka kuchimba chini ya mtaa wetu wa Dilala, iliahidi nyumba mpya ng'ambo ya mji kwa kila mtu wa Kolwezi. Asiyekuwa wa Kolwezi angepewa nauli arudi kwao. Nilicheka kwa uchungu, maana nusu ya mtaa ni watoto wa Wakasai walioletwa toka mkoa wa Kasai na mgodi wenyewe.

Falonne, jirani yangu, ni fundi wa programu, akapewa kazi ya kuunganisha data. Komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ilituma kwa umbo lake, kampuni ya simu kwa lake, wapima ardhi kwa lake. Hakutaka kuubomoa mfumo kila anapokuja mtumaji mgeni, kwa hiyo aliandika adapta tatu, kila moja ikipokea data ya mwenyewe na kuitoa kwa umbo moja, kama vile vichwa vya plagi tunavyochomekea chaja za Kichina. Kazi safi, sikatai.

Ila data ya komine ilikuwa na sehemu mbili: mahali pa kuzaliwa, na asili. Mfumo ulitaka moja tu, kwao. Falonne akachukua asili bila kusita. Nani hapa angefanya vingine? Tangu shuleni, ukiulizwa kwenu unataja kijiji cha baba yako, hata kama hujakikanyaga.

Asubuhi simu zikapokea ujumbe. Mama Ngalula, aliyemlea Falonne, ni mzaliwa wa Kolwezi. Mwaka tisini na tatu alifukuzwa mjini pamoja na Wakasai wenzake, baadaye akarudi. Sasa aliambiwa akachukue nauli ya Mwene-Ditu, kule Kasai.

Falonne alipogundua, alifungua kompyuta yake. Akairekebisha adapta ile moja ichukue mahali pa kuzaliwa, hakugusa kingine, na jioni mfumo ukamwandikia mama nyumba. Akampigia simu nikiwa kando yake.

"Mama, ilikuwa makosa yangu. Rudi, nyumba yako iko."

Nyuma ya sauti ya mama tulisikia injini ya lori.

"Mwana wangu, mu quatre-vingt-treize batu ba muzuri balituambia vile vile: mungoye, ni makosa. Tukangoya treni ku gare. Njo pale nilizika batoto bangu babili. Mi siwezi kungoya tena."

Falonne alilia. Mimi nilikuwa na hasira, sijui ya nani. Kwenye skrini, kando ya jina la mama, iliandikwa kwao Kolwezi, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lori lilikuwa limekwisha kupita Lubudi, njiani kuelekea Kasai.