Sekunde Arobaini na Tatu

Umewahi kukaa ndani ya shimo, kichwa chako tu kikiwa juu ya sakafu, ukamtazama mwanamke mwingine akiyaishi maisha yako mbele ya watu mia nne?

Hedwig Lammers alikaa hivyo jioni moja ya Februari, mwaka 1968, katika ukumbi wa tamthilia wa mji mdogo kando ya mto Weser. Shimo lake lilikuwa katikati ya ukingo wa jukwaa, limefunikwa kwa kibanda cha mbao ili watazamaji wasimwone. Humo mlikuwa na kiti kisicho na mgongo, taa ndogo yenye kioo cha kijani, na upepo wa chinichini uliomlazimu kuvaa soksi mbili za sufu. Kazi yake ilikuwa kuwanong'oneza waigizaji maneno walipoyasahau. Aliifanya kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumpa mwigizaji neno lisiloandikwa. Hilo alijivunia kuliko nywele zake, na nywele zake zilikuwa nzuri.

Tamthilia ya jioni hiyo ilikuwa ya mumewe.

Volkmar Lammers aliandika vitabu ambavyo hakuna mwingine angethubutu kuviandika. Riwaya yake ya kwanza haikuwa na nukta hata moja, mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilikuwa kurasa zilizolegea ndani ya sanduku, msomaji azichanganye atakavyo. Ya tatu aliitengeneza kwa mkasi na gundi: matangazo ya redio, maneno ya majirani, orodha za sokoni, na barua ambazo mwanawe Eike, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amemwandikia msichana wa kinu cha unga. Hakumwomba ruhusa. Alizikuta, akaziona nzuri, akazikata. Kitabu kilipotoka, mji mzima ulizijua kwa moyo. Vijana walimsomea Eike maneno yake mwenyewe kila alipopita, na msichana akaacha kumsalimu. Wiki ya tatu Eike alifunga sanduku, akaondoka kwenda Kanada. Miaka kumi na moja sasa. Kila Krismasi ilikuja kadi moja kwa mama, bila anwani.

Na hii ndiyo ilikuwa tamthilia yake ya kwanza kupandishwa jukwaani: mwanamke mmoja jikoni, na sauti ya mwanamume kutoka chumba cha pili, ambayo Volkmar aliirekodi mwenyewe kwenye utepe. Ndani yake mlikuwa na vipindi saba vya kimya, kila kimoja kikiwa na sekunde zake zilizopimwa. Sasa mnong'onezaji atajuaje kama mwigizaji amenyamaza kwa sababu imeandikwa, au kwa sababu amesahau? Hedwig na mwigizaji, Bibi Thekla Brinkmann, walikubaliana ishara: Thekla akipotea, atafinya pindo la aproni.

"Shoga," Thekla alikuwa amemwambia kwenye mazoezi, "mumeo angeandika kimya cha nusu saa, ningetoka nikanywe kahawa nirudi."

"Usimpe wazo," Hedwig alijibu.

Lakini mkuu wa ukumbi, Bwana Kessler, hakuwa na mzaha. Asubuhi hiyo aliwaita wote, akasema waziwazi: "Watu wakizomea leo, Jumatatu naiondoa. Na Lammers hataletwa tena hapa, wala kwingine. Wakuu wa kumbi tunaongea."

Volkmar alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Saa kumi na moja jioni alimletea mkewe ukurasa wa mwisho, wino bado mbichi.

"Leo?" Hedwig alishangaa. "Pazia linafunguliwa saa moja na nusu! Thekla atakumeza mzima."

"Ana sentensi mbili tu. Kilichobaki ni kimya."

Hedwig akasoma. Sauti ya mwanamume inauliza: *Nilikosea?* Kimya, sekunde arobaini na tatu. Kisha mwanamke: *Hapana. Kahawa inapoa.*

Hiyo ilikuwa meza yake, na hilo lilikuwa jibu lake mwenyewe. Huo ulikuwa mchana ule, dakika chache baada ya Eike kutoka na sanduku kuelekea kituoni.

"Ulihesabu," alisema.

"Saa ilikuwa ukutani, Hedi. Ningefumbaje macho?"

"Mtoto anakwenda, mimi nimekaa pale kama gogo, na wewe unahesabu."

"Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika."

"Hukukiandika. Ulikiokota."

Volkmar alitazama viatu vyake. "Usiku huu tu, nakuomba. Nishike mkono usiku huu, halafu uniseme mwaka mzima."

Hedwig aliuweka ukurasa ndani ya kitabu chake cha kunong'onezea, mahali pake. Alikuwa mke wake, na alikuwa mnong'onezaji. Angefanya nini kingine?

Nyuma ya pazia, kwa desturi yao, Thekla alimtemea Volkmar mate ya uongo juu ya bega la kushoto, mara tatu, kumtakia heri. Anayetemewa hasemi kitu. Volkmar, akili zimemruka, akasema, "Asante."

Wafanyakazi wote waligeuka. Fundi wa taa aliguna.

"Asante!" Thekla alifoka. "Mzee mzima, umeoa humuhumu ndani, hata hilo hulijui? Umetuletea nuksi!"

Kimya cha kwanza kilipita. Cha pili watu walikohoa. Cha nne mtu akauliza, "Amelala huyo?" na safu nzima ikacheka. Cha sita, viti vilianza kulia na milango kufunguka. Kutoka shimoni Hedwig aliona viatu vya Thekla, juu yake aproni, na pembeni, katika giza la pazia, Volkmar ameshika saa yake kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa. Bwana Kessler alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Ikaja sauti kwenye utepe, ile sauti anayoamka nayo kila siku: "Nilikosea?"

Thekla alikaa mezani. Hedwig alihesabu kwa kidole. Kumi. Ishirini. Hakuna aliyekohoa. Thelathini. Jambo la ajabu lilitokea: ukumbi wote ulikuwa umeinama mbele, wote waliobaki wanasubiri jibu la mwanamke mmoja. Arobaini. Volkmar alikuwa akilia, saa bado mkononi. Hedwig hakuwahi kumwona akilia, hata mchana ule.

Arobaini na tatu.

Thekla hakusema. Hamsini. Vidole vyake vilishuka polepole, vikafinya pindo la aproni.

Sentensi mbili alizopewa jioni hiyohiyo zilikuwa zimemtoka. Zilikuwa mbele ya Hedwig, chini ya mwanga wa kijani, zimeandikwa vizuri. Kule pembeni Volkmar aliiona ishara, akazitamka kwa midomo bila sauti: *Hapana. Kahawa inapoa.* Alimsihi mkewe kwa macho. Akizinong'ona, Thekla atazisema, pazia litashuka, watu watasimama na kupiga makofi. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Mumewe angeokoka. Na ule uongo ungerudiwa kila jioni, mbele ya watu, miaka yote ya uhai wake, naye akiwa ndiye wa kuukumbusha.

Thekla alifinya tena, kwa nguvu.

Hedwig alifungua kinywa kunong'ona "Hapana," na neno likakataa kutoka. Akakifunika kitabu. Aliinuka ndani ya shimo lake hadi kichwa chake kikagonga mbao, akamtazama Volkmar, na sauti iliyotoka ilikuwa sauti yake kamili, ikafika hadi safu ya mwisho.

"Ndiyo," alisema. "Ulikosea, Volkmar. Nenda kituoni. Mwombe mwanangu radhi kabla treni haijaondoka."