Komeo la Fenwick Lane

Kwa miaka arobaini na miwili Sir Ambrose Veasey alikataa kuigiza Bradford. Aliigiza Leeds, maili chache tu kutoka hapo, akaigiza Manchester na Hull, akavuka bahari mpaka Kanada. Lakini kila barua iliyotoka kwa wenye ukumbi wa Fenwick Lane aliijibu kwa mstari mmoja wa adabu: samahani, ratiba imejaa. Hester Holroyd, aliyemhudumia kwenye chumba cha kuvalia kwa miaka ishirini na sita, ndiye aliyekuwa akizipeleka posta. Hakuwahi kuuliza sababu, maana alidhani anaijua. Katika ukumbi ule mwigizaji mkuu Cuthbert Rayne alitumbukia kwenye mlango wa sakafuni mbele ya watu mia tisa, akavunjika shingo. Kesho yake Ambrose, kijana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa mwigizaji wake wa akiba, akavaa joho la marehemu na kushika nafasi yake. Nani angependa kurudi mahali kama hapo?

Kwa hiyo barua ilipokuja tena mwaka 1971, naye akasema, "Bradford? Twende," huku akipaka siagi kwenye mkate, Hester alibaki ameshika birika hewani.

"Una hakika, Sir?"

"Mji mzuri ule. Watu wake wanajua kusikiliza. Sijui hata kwa nini hatujawahi kwenda."

Hester alimtazama usoni akitafuta utani, hakuuona. Mzee alikuwa amesahau kwa nini alikuwa akikataa.

Mambo hayo yalianza wakati wa baridi. Kwanza lilimpotea jina la mpwa wake, kisha njia ya kutoka kituo cha treni mpaka nyumbani. Maneno ya jukwaani ndiyo yaliyochelewa kuondoka, kwa kuwa ndiyo yaliyomjenga. Alizaliwa Grimsby, mtoto wa muuza kamba za meli, akajifundisha kusema kwa kushindana na upepo gatini. Sauti ile ilimpeleka London, ikampa jumba Sussex na upanga wa Malkia begani, pamoja na cheo cha Sir. Watu walisema akinong'ona, mtu wa kiti cha mwisho juu kabisa anahisi pumzi sikioni. Sasa sauti ilikuwepo, ila chini yake palianza kuwa patupu. Hester alikuwa akisimama pembeni mwa jukwaa kila onyesho na kitabu cha mchezo mkononi, tayari kumtupia neno likimponyoka. Hakutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo. "Wewe tu, Hester wangu," alimwambia. "Wengine watanicheka."

Naye hakuweza kumkatalia, kwa sababu ya deni la moyoni. Seremala aliyesimamia sakafu ya jukwaa la Fenwick Lane mwaka 1929 alikuwa baba yake, Jabez Holroyd. Mlango ule wa sakafuni ulikuwa ukifungwa kwa komeo la chuma upande wa chini, na kazi ya Jabez ilikuwa kulisukuma kabla ya kila sehemu ya mchezo. Mahakamani aliapa kwamba alilisukuma. Jaji akasema hakulisukuma. Akafukuzwa kazi, hakuna karakana iliyomtaka, na baada ya miaka minne ya kunywa na kunyamaza akafa. Hester alikuwa na miaka tisa siku ya ajali, kumi na mitatu siku ya mazishi. Vita vilipokwisha, Ambrose Veasey alimfuata kwenye kiwanda cha kushona sare, akavua kofia mbele ya wasichana wote, akasema, "Nilimfahamu baba yako. Nakuhitaji kazini." Tangu siku ile Hester alimhesabu kuwa mtu mwema kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Walifika Bradford siku ya Jumapili, mvua ikinyesha. Jumatatu asubuhi wakaanza mazoezi. Mchezo ulimhusu jaji mzee ambaye, siku yake ya mwisho kazini, anamkumbuka mtu aliyemfunga bure. Mwongozaji, Quillan, alikuwa kijana mwenye haraka aliyezoea kuongea huku akitembea.

"Sir, hapo usizunguke. Njoo moja kwa moja katikati."

"Siwezi."

"Goti linauma?"

"Pana shimo," Sir Ambrose alisema.

Waigizaji wakacheka, wakidhani mzee ameamka na mzaha. Quillan akaenda katikati, akaruka juu ya mbao mara mbili, du, du. "Tazama! Mlango wa zamani ulizibwa baada ya vita. Hapa unaweza kuchezesha tembo."

Sir Ambrose hakucheka. Alikuwa ameweka mkono kifuani, macho yake kwenye viatu vya yule kijana. Walipolirudia tukio, alizunguka. Wakalirudia tena, akazunguka tena, kwa umbali uleule, kama mtu anayepita ukingo wa kisima. Mwigizaji mmoja wa kike akajifunika shali vizuri zaidi.

"Haya, azunguke," Quillan akasema. "Itaonekana kama jambo la jaji."

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Hester alikuwa nyuma yake chumbani akimfunga vifungo vya shingo. Mzee alikuwa akimtazama kwenye kioo. Ghafla akasema, kwa sauti nyepesi ya kijana ambayo Hester hakuwa ameisikia maisha yake yote:

"Holroyd, usinitazame hivyo. Nilitaka kushuka kulifunga."

Vidole vya Hester vikasimama. "Kufunga nini, Sir?"

"Komeo. Unajua fika. Wewe ulilifunga, nikakuona ukilifunga. Nilikuwa chini navuta sigara. Wakaita dakika moja, na ngazi za nyuma ni ndefu, basi nikalivuta likafunguka, nikapanda kupitia mlango wa sakafuni. Komeo lenyewe halifungiki kutoka juu, wajua. Ningeshuka. Pazia likafunguliwa."

"Halafu?"

"Halafu Cuthbert akaingia. Nilikuwa pembeni, nimesimama na taa yangu mkononi. Hatua tano, Holroyd. Nilizihesabu. Ningepiga kelele kwenye ya kwanza. Hata kwenye ya tatu." Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtia Hester baridi. "Kwenye ya nne nilikuwa tayari nafikiria jinsi nitakavyousema mstari wake."

Mlango ukagongwa, mtu akaulizia ndevu za bandia. Mzee akageuka na kumjibu kwa ukarimu wake wa kila siku. Hester alimalizia vifungo vile. Hakujua alivimaliza vipi.

Usiku hakulala. Asubuhi ya Jumatano alimkuta mzee hotelini, macho maangavu, gazeti mkononi, mayai mbele yake. Siku kama hizo zilikuwa bado zipo. Akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sir, nani aliyelivuta komeo siku ile ya Bwana Rayne?"

Mzee alikunja gazeti taratibu. Usoni mwake kikapita kitu chepesi kama kivuli cha ndege, kisha kikafuata kile ambacho watu walikuwa wakipanga foleni kukiona: huruma, uchungu, upole wa mtu mkubwa.

"Maskini Hester. Mji huu umekufufulia machungu. Baba yako alikuwa mtu mzuri aliyekosea mara moja. Mimi sijamlaumu hata siku moja."

"Jana uliniambia kitu kingine."

"Jana?" Alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. "Jana nilikuwa nimechoka. Mzee akichoka husema mengi. Na nani atamsikiliza mzee aliyechoka?"

Hester akauvuta mkono wake. Sauti ilikuwa ya upole, lakini maneno yale yalikuwa mlango uliofungwa. Kweli, angemwambia nani? Mtu mwenye akili timamu alikana, na mtu aliyekiri hakuwa na akili timamu.

Mama yake, Dorcas, alikuwa na tiketi ya onyesho la mchana ule. Alikuwa na miaka themanini, akiishi palepale Bradford katika nyumba ileile, na hakuwahi kukanyaga Fenwick Lane tangu ajali. Hester ndiye aliyembembeleza wiki mbili kabla, apate kumwona Sir Ambrose kabla hajastaafu. Sasa alitaka kumrudisha nyumbani, akachelewa. Alipochungulia kando ya pazia alimwona safu ya tatu, kofia ya kahawia, mkoba mapajani, katikati ya wastaafu wenzake waliokuwa wakimenya peremende.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili vilevile. Hester alimtupia maneno mawili tu. Katika tukio la mwisho jaji anabaki peke yake na kukiri kwamba jina la yule aliyemfunga limemtoka kabisa. Sir Ambrose alitembea, akazunguka mahali pale pa katikati, akasimama.

"Na mtu yule," alianza, "mtu yule niliyemharibia maisha, jina lake..."

Hapo alipaswa kusema: jina lake sina. Hakusema. Akamtazama Hester. Hester alikuwa na mstari kidoleni. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Watu wakangoja. Mtu akakohoa. Mzee bado anamtazama, na Hester akaona wazi kwamba hamwoni yeye, anamwona mtu mwingine aliyesimama mahali pale na bisbisi mkononi.

"Jina lake Jabez Holroyd," Sir Ambrose alisema.

Pembeni, Quillan akanong'ona, "Anasema nini? Mpe neno! Mpe neno, Bi Hester!"

Hester hakumpa neno. Na mzee akasema yote. Alisema sigara, ngazi ndefu, komeo. Alizihesabu hatua za Cuthbert Rayne moja baada ya moja, na kila moja ilianguka ndani ya ukumbi kama tone kwenye pipa tupu. Alisema jinsi alivyosimama mahakamani amevaa tai nyeusi na kumsikiliza seremala akiapa kweli tupu, huku yeye akitikisa kichwa kwa masikitiko. Hakupaza sauti hata kidogo. Peremende zilikuwa zimenyamaza. Alipofika tamati aliyagusa mashavu yake mwenyewe kwa vidole, yakiwa yamelowa, akaonekana kushangaa.

Pazia likaanguka. Ukumbi mzima ukasimama. Walipiga makofi mpaka vumbi likapukutika kwenye mapambo ya dari. Wanawake walilia waziwazi. Quillan alikuwa amejishika kichwa. "Sijawahi kuona kitu kama hiki," alikuwa akisema. "Kaitunga palepale! Mungu wangu, tuiache hivyohivyo!"

Watu mia tisa walikuwa wamesikia ukweli, na wakaushangilia kama kazi nzuri.

Chumbani mzee aliketi mbele ya kioo, rangi usoni imechirizika. "Nilikuwa mzuri?" aliuliza.

"Walisimama wote, Sir."

"Nilisema nini? Nimesahau kile kipande cha mwisho."

Hester alichukua kitambaa na mafuta, akaanza kumfuta kama alivyomfuta kila siku kwa miaka ishirini na sita. "Ulisema ukweli," alimjibu. "Ulimtaja baba."

Chini ya kitambaa aliuhisi uso ule ukikakamaa. Macho yakamgeukia kwenye kioo, maangavu kabisa, na ndani yake palikuwa na woga mtupu, woga wa mtu aliyesikia mbao zikilia chini ya miguu yake.

"Nani alisikia?"

"Mama yangu yuko safu ya tatu."

Alijaribu kuipata ile sura ya asubuhi, ya upole na ukubwa. Midomo ikacheza, haikumtii. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Usiniache jukwaani peke yangu, Hester," alisema. "Kesho sitajua nilipo."

"Hutapanda tena jukwaani, Sir."

Akakunja kitambaa, akakiweka. Nje ya mlango alimwambia Quillan mambo mawili: kwamba mzee anaumwa akili na onyesho la jioni lifutwe, na kwamba kile walichokishangilia hakikutungwa. La kwanza Quillan alilielewa baada ya kuingia na kumwona. Kwa la pili alimtazama tu kwa huruma, akamgusa bega, akamwambia akapumzike. Ijumaa mpwa wa Sir Ambrose alikuja kumchukua, akampeleka Sussex, na mzee hakuigiza tena. Gazeti moja la London liliandika kwamba aliaga jukwaa kwa dakika kumi bora za maisha yake. Hester aliwaandikia akaeleza. Walimjibu kwa adabu kwamba wanaelewa huzuni yake.

Lakini mchana ule wa Jumatano, alipotoka kwa Quillan, alishuka ukumbini. Watu walikuwa wameshaondoka. Mama yake alikuwa bado kwenye kiti chake, mkoba mapajani, akilitazama pazia. Wafagiaji wawili walikuwa wakiokota karatasi za peremende safu za nyuma.

Hester akaketi kando yake. "Mama. Lile si igizo."

"Najua si igizo. Sijawa mjinga." Dorcas hakugeuka. "Alikuja nyumbani siku ya ajali, Jabez. Akasimama mlangoni, akasema, Dorcas, nililifunga, nilisikia likigonga mwisho. Ndivyo alivyosema. Likigonga mwisho."

"Ungejuaje, Mama? Hata mimi sikumwamini."

"Wewe ulikuwa mtoto." Bibi kizee alifungua mkoba, akaufunga. "Mahakamani waliniita. Wakaniuliza kama mchana ule alikunywa. Nikasema ndiyo, bia mbili. Zilikuwa bia mbili kweli, Hester. Lakini nilizisema kwa namna ambayo kila mtu pale alielewa ninachofikiri. Naye alikuwa akinitazama."

Kutoka ghorofani, kupitia kuta na ngazi, sauti ya Sir Ambrose ilianza kumwita, si kwa nguvu, lakini ilifika kila kiti. Dorcas akashtuka. Hester akabaki ameketi, akauchukua mkoba wa mama yake akaushika yeye, na wote wawili wakaendelea kutazama mbele mpaka mfagiaji alipofika safu ya tatu na kuwaomba radhi, wanyanyue miguu.