Njaa ya Msoto

Shamte bwana! Kijana mzima, kitambi kimeanza kuchungulia fulana, halafu jina la kisanii eti Msoto, yaani shida tupu. Tandika nzima ilimjua kwa kula. Lakini siku wimbo wake ulipopigwa redioni kwa mara ya kwanza, ndani ya mashairi ilikuwa njaa tupu.

Ilikuwa mchana, na banda la chakula la mama yake, mama ntilie anayejulikana mtaa mzima, lilijaa mafundi na bodaboda. Shamte kakaa katikati, sahani ya ubwabwa na maharage mbele yake. Alasiri alitakiwa kituo cha redio kuhojiwa. Alitaka jambo moja tu: mama yake, ambaye siku zote aliuita muziki uhuni, ausikie wimbo, halafu amruhusu aende kwa radhi zake. Chande, fundi cherehani, akaongeza sauti ya redio.

"Nimelala njaa, sufuria limekauka, mama analia tu..."

Vijiko vikasimama. Watu wakamtazama Mama Shamte, wakalitazama sufuria, wakamgeukia Shamte.

"Sufuria lipi hilo?" Chande akauliza. "Hili hili linalotulisha sisi? Mama Shamte, kumbe unatushibisha wapita njia, wako analala njaa!"

"Njaa gani hiyo yenye mashavu?" bodaboda mmoja akadakia, na banda zima likaangua kicheko.

Mama Shamte hakucheka. Alikuja taratibu, akaiondoa sahani mbele ya mwanawe.

"Usile, Msoto. Utaharibu wimbo."

Shamte akamfuata uani, alikokwenda kuosha vyombo.

"Mama, ile sanaa tu. Nisipoimba shida nani atanisikiliza? Wenzangu wote wanaimba shida zao."

"Si ndiyo waimbe zao! Wewe umenidhalilisha. Napikia mtaa huu tangu hujaota meno, leo nionekane nilishindwa kumlisha mwanangu wa pekee?"

"Nisamehe, mama. Ni uongo wa kisanii."

"Wala si uongo." Akasugua sufuria kwa nguvu. "Njaa ilikuwepo. Mwaka aliofariki baba yako ilihamia kwetu kama mpangaji. Ila haikuwa yako. Ulikuwa unaniuliza, mama, mbona huli? Nami nilikuwa nakujibu nini?"

Shamte alikumbuka. Mpaka leo jibu lilikuwa lile lile, hata kwa wateja.

"Kwamba umeshaonja jikoni."

"Haya. Nenda huko redioni kwako."

Akaenda, tumbo tupu, radhi hakupewa. Njia nzima alijiona mjinga, na kusema kweli alikuwa mjinga.

Kituoni mtangazaji akamchangamkia: "Msoto, tuchanie mistari hapa hapa, papo kwa papo!" Shamte alikuwa na mistari aliyoikariri wiki nzima, imejaa njaa mwanzo mwisho. Akaimeza yote. Akafumba macho, akachana:

"Niliyelala na shibe ni mimi, msidanganyike,
Mama aliramba mwiko, ili sahani yangu ijazike."

Aliporudi Tandika, wateja walikuwa bado wapo, wameizunguka redio, na walishamaliza kula zamani. Hakuna aliyemtania. Hata Chande, mdomo wote ule, alikuwa anakichunguza kijiko chake. Mama Shamte akaja na sahani, ubwabwa umefanywa mlima na kipande cha samaki juu, kile kikubwa ambacho huwa hakiuzwi.

"Kula, Msoto."

Shamte akaisukuma sahani upande wa pili wa meza, akavuta benchi, akalipangusa kwa kiganja.

"Kaa wewe kwanza, mama. Kula."

"Ah, mimi nimesha..."

"Umeonja!" banda zima likamalizia.

Mama Shamte akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akisingizia moshi. Kisha akakaa, akanawa, akamega tonge. Miaka yote ile, hakuna mteja aliyewahi kumwona akila.