Vidonge vya Lyamba

Kaka yangu Lyamba hakulogwa. Nasema hivyo mimi Minza, muuguzi wa zahanati na dada yake wa tumbo moja, na sioni aibu kuwadharau wazee waliokaa kwenye zizi letu hapa Misunkumilo wakaamini matumbo ya kifaranga.

Msimu wa kulima Lyamba alianza kumeza tramadoli, dawa ya maumivu tunayowapa wagonjwa waliopasuliwa. Aliinunua kwa vijana wa mtaa wa Kashaulili. Alishika plau tangu alfajiri mpaka ng'ombe wakachoka, yeye bado. Baba akamsifu mbele za watu, akamwongezea maksai wawili. Hakuna aliyejiuliza ni mwanaume gani anayewashinda maksai.

Nilimweleza baba kwamba ubongo hutengeneza wenyewe kemikali za kutuliza maumivu na za kumpa mtu furaha. Ukiuletea za dukani kila siku, ubongo unazembea, unaacha kutengeneza za kwake. Ndiyo maana Lyamba alipokea habari za kuzaliwa mwanawe kama mtu aliyeambiwa kumekucha. Baba akanijibu kwamba elimu yangu ya mjini haijui mambo ya Wasukuma.

Akaita mganga amtafute aliyemloga mwanawe. Mganga akapasua kifaranga, akasoma matumbo yake, akamtaja mchawi: Dorice, mke wa Lyamba. Ikaamuliwa aondoke siku hiyohiyo, mtoto abaki.

Mzigo wake ulikuwa tayari nje. Lyamba, aliyejua ukweli wote, aliketi kwenye kigoda akichokonoa kucha. Nilimtaka aseme anachomeza.

"Kuku ameshasema, dada," akanijibu.

Nilichoka. Nikaingiza mkono kwenye koti lake, nikatoa kopo, nikavimwaga vidonge vyote kwenye mavi mabichi ya ng'ombe.

Mwanaume ambaye hakutikisika mkewe alipofukuzwa, aliruka. Alipiga magoti mbele ya wazee, akachakura mavi kwa vidole, akavitia vidonge mdomoni bila hata kuvifuta. Alikuwa analia. Nilimhurumia, lakini kidogo sana.

Baba aligeuza uso. Kisha akamwambia Dorice, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kuisikia kwake, arudishe mzigo ndani, yameisha.

Dorice akamfunga mtoto mgongoni.

"Bakini na Lyamba wenu, baba," alisema. "Mtoto simwachi."

Wote walimpisha njia. Lyamba hakuinua kichwa. Alikuwa bado anatafuta kidonge kimoja.